Mwaka Tulioacha Biki

Siku yangu ya mwisho kazini nilimkabidhi Nadège ufunguo wa kabati, muhuri wa ofisi, kiti ambacho lazima ukikalie upande wa kushoto, na mkebe wa maziwa ya unga usio na maziwa. Nadège ndiye sekreteri mpya wa ofisi ya mtaa wetu hapa Kolwezi, ofisi ambayo watu huijia kutafuta vyeti vya makazi na karatasi za kuuziana viwanja. Ana akili, na anapiga kompyuta bila kutazama vidole. Alipokea kila kitu kwa heshima mpaka alipofika kwenye mkebe.

“Tata, mu hii mukebe muko nini?”

“Fungua, mama, utaona.”

Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi nene ya rangi ya waridi, vimefungwa kwa uzi mafungu mafungu, kila kimoja kina madoa ya buluu. Aliniuliza kama avitupe. Nilimwambia avitupe tu, ikiwa anapenda kuona mtu akinyang'anywa kiwanja alichokwisha kukilipia. Alicheka, akadhani ni utani wa mzee anayeona uchungu kuondoka. Uchungu ulikuwapo, sikatai, lakini utani haukuwapo. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya, kwa ajili yake na wenzake. Habari za vyeo nitaziruka, kwa kuwa niliingia nikiwa msaidizi wa sekreteri nikatoka nikiwa sekreteri, safari ya kutoka meza moja hadi meza ya pili. Za mshahara nazo naziacha. Mshahara wenyewe haukuwa na mengi ya kusema.

Nilikuja kutoka Mutshatsha, mtoto wa mfanyakazi wa reli, nikiwa na shati moja jeupe na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipa kazi, shati lilisaidia. Sekreteri wa siku hizo alikuwa Tata Muteba, mzee mwembamba aliyevaa tai hata siku za jua kali, na aliyeandika kwa kalamu ya kuchovya wakati mji mzima ulikuwa umeshahamia kwenye kalamu za biki. Biki aliziita vijiti vya kuchokolea meno. Siku ya kwanza nilikaa mbele yake nikingoja anipe kalamu nimwonyeshe mwandiko wangu. Hakunipa. Alinipa buvari.

Kwa ninyi mliozaliwa juzi, buvari ni karatasi nene inayokunywa wino. Ukimaliza kuandika unailaza juu ya maneno mabichi, unakandamiza kwa kiganja, wino wa ziada unaondoka na mwandiko unabaki safi. Kwa wiki mbili kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Tata Muteba aliandika, mimi nikakandamiza. Nilikuwa na cheti cha shule kwenye mfuko wa shati, na nilikuwa nakausha maneno ya mtu mwingine.

“Mutoto,” aliniambia siku moja aliponiona nimenuna, “weye unaona hii buvari kama chafu. Hii njo mudomo ya ofisi. Bintu yote tunaandika, yeye anabikumbuka.”

Akanisimulia habari ya chefu mmoja wa zamani, mkuu wa ofisi ya mtaa. Chefu huyo alikuwa akiandika barua za mapenzi mezani saa za kazi, kwa wino wa serikali, na kuzikausha kwa buvari ya serikali. Mkewe alipita siku moja kumletea chakula, akaiona buvari imelala pale na maneno yake yamegeuka nyuma mbele. Mama wa watu akatoa kioo kidogo cha mkobani, akakielekeza kwenye buvari, akasoma. Yule chefu hakuhamishwa na serikali, alihamishwa na mkewe. Tangu siku hiyo Tata Muteba aliweka sheria: kila karatasi yenye sahihi iwe na kipande chake cha buvari, kitumike mara moja, kiandikwe namba ya karatasi pembeni kwa penseli, kisha kifungiwe kwenye mkebe. Niliona ni ushirikina wa karani mzee, lakini niliifuata. Unapokuwa msaidizi, hata ushirikina wa mkubwa wako ni kanuni.

Tata Muteba akastaafu, nami nikarithi meza, mkebe na rundo la buvari mpya kabatini. Biki zikashinda, buvari zikalala. Kwa biki tuliweza kuweka kaboni: karatasi ya juu anakwenda nayo mwenyewe, chini yake kaboni, na chini ya kaboni nakala inayobaki ofisini. Unakandamiza mara moja, unapata karatasi mbili. Nilifanya hivyo miaka mingi hata mkono wangu ulifanya kazi bila kuniuliza. Niliandika vyeti vya makazi kwa watu ambao hawakuwa na makazi. Mzee mmoja alikuja anataka karatasi ya kuthibitisha kwamba yu hai, kwa sababu kwenye orodha ya malipo ya kule alikokuwa akifanya kazi walikuwa wamemwandika marehemu. Nilimwandikia. Akaisoma mara mbili, akapumua, akaondoka na biki yangu.

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Katika ofisi ya mtaa, kila mtu anayekuja lazima atie sahihi, na kila anayetia sahihi anaondoka na biki. Hawaibi. Wanasahau, na biki inasahau pamoja nao. Nilijaribu kuifunga kwa uzi kwenye msumari wa meza. Ilidumu siku tatu, kisha mtu mmoja akaondoka na biki, uzi na msumari. Vifaa vilivyopaswa kutoka juu vilibaki huko huko juu, kwa hiyo biki zilitoka mfukoni mwa chefu wetu, Tata Ilunga. Tata Ilunga ni mtu mkubwa, mpole, mwenye mashati meupe mazuri, na kila Jumatatu nilipokwenda kumwomba biki nyingine alinitazama kama vile nilikuwa nazila. Bandu bandu huisha gogo, na mfuko wa Tata Ilunga haukuwa gogo.

Siku moja nilipita dukani kwa Mchina mmoja pale Manika, nikaziona: kalamu za wino zenye ncha ya chuma iliyopasuka katikati, zile unazozijaza mwenyewe. Unazamisha ncha kwenye chupa, unazungusha mkia, kalamu inavuta wino kama mtoto anavyonyonya. Chupa moja ya wino inakula miezi. Niliwaza akiba, lakini nitasema kweli, nilimwaza zaidi Tata Muteba na mwandiko wangu ulioharibiwa na vijiti vya kuchokolea meno. Nikachagua kalamu nne na chupa kubwa ya wino wa buluu.

Mwenye duka alijaribu kunieleza jambo kuhusu wino ule. Hakuwa na Kiswahili cha kutosha, nami Kichina changu ni sifuri. Alinionyesha picha kwenye chupa, mtoto mwenye mkoba wa shule. Halafu akafanya kama mtu anayenawa mikono, akanionyesha viganja vitupu, akacheka. Nikaelewa: wino mzuri kabisa, hata watoto wanaupenda, hauchafui mikono. Nikacheka naye. Tulielewana vizuri sana, kwa maoni yangu.

Tata Ilunga aliposikia kwamba hatutanunua biki tena alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikamfundisha kujaza. Somo la kwanza aliligharamia kwa shati, kwa sababu alizungusha mkia upande wa kutoa badala ya upande wa kuvuta. Somo la pili lilikuwa vumbi. Vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye yai, na kalamu iliyoachwa wazi kwa muda wa salamu mbili ilianza kukwaruza kama kuku. Tukajifunza kuziba kifuniko kabla ya kumjibu mtu. Wageni wakadhani tumekuwa na maringo.

Lakini hazikuibwa! Hilo lilikuwa ajabu yenyewe. Kalamu ya wino ina mgongo na tumbo, ukiishika kichwa chini haiandiki. Watu walitia sahihi kwa taabu, wakairudisha haraka kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani aliyejikojolea. Miezi ikapita, kalamu nne zikabaki nne. Tata Ilunga alisimulia habari hiyo kwa machefu wa mitaa mingine, na wawili walikuja kuona. Nikatoa buvari kutoka kabatini, nikarudisha na sheria ya Tata Muteba bila kufikiri, kipande kimoja kwa kila karatasi yenye sahihi, namba pembeni, kisha kwenye mkebe. Nilijiona mtu aliyeokoa serikali.

Katika miezi hiyo ndipo alipokuja Mama Mujinga. Ni mfanyabiashara wa makala, yaani makaa ya kupikia. Magunia yake yanatoka Mutshatsha, na ndiyo maana tulisalimiana kama ndugu ingawa babu zake walitoka Kasai, wakaletwa huku kwa kazi ya mgodi. Alikuwa amepanga nyumba saba maishani mwake, na katika kila moja mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wa choo. Sasa alikuwa amelipa kiwanja, kidogo, mwisho wa mtaa, kwa mtu aitwaye Tata Kapend. Alikuja na mdogo wake kama shahidi. Tata Kapend alikuja na mpwa wake.

“Andika muzuri, Tata Sekreteri,” aliniambia. “Mi sitafute nyumba mukubwa. Nataka choo yangu, yenye akuna mutu atanishikia ufunguo.”

Niliandika vizuri. Sijawahi kuandika vizuri kuliko siku ile. Karatasi ya juu, kaboni, nakala ya chini. Mama Mujinga akatia sahihi, mashahidi wakafuata. Tata Kapend aliishika kalamu kichwa chini, akaisukuma, haikuandika, akaitikisa kwa nguvu, na ncha ikatema wino wote kwenye kidole chake gumba. Akalaani kalamu, akalaani Uchina, mwishowe akaandika jina lake kwa shida. Mimi nililaza buvari yangu juu ya mistari ya mwisho na zile sahihi. Kabla sijaikunja, aliinyakua akakandamiza kidole chake pembeni kukikausha, akanirudishia. Niliona vibaya, buvari si taulo. Lakini niliandika namba, nikaitia mkebeni. Tata Ilunga akatia sahihi na muhuri kwenye karatasi zote mbili bila kusoma, kwani yeye hutia sahihi kama mtu anayefukuza inzi.

Mama Mujinga akaanza kuchimba choo chake. Walipofika urefu wa mtu, wachimbaji wakatoa mawe meusi. Mnaujua mji huu. Hapa mtu akichimba kaburi majirani wanakuja kutazama udongo, si marehemu. Jiwe jeusi maana yake kobalti, madini ya pesa, na kabla ya jioni habari ilikuwa imefika kwa Tata Kapend. Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwetu, na nje alikuwa amepanga vijana watano wa kuchimba, wenye sepetu na magunia matupu.

“Chefu,” alisema, “mi sikuuzishaka parseli. Nilimuazima huyu mama alime mihogo kiloko tu. Sasa anachimba bitu byangu.”

Mama Mujinga alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la makala mpaka kwenye viwiko. Hakupiga kelele. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi yake, akaifungua mbele ya Tata Ilunga. Ilikuwa na muhuri wetu, mwekundu, safi. Kingine chote kilikuwa wingu la buluu. Mvua ilikuwa imemkuta kwenye pikipiki ya taksi-moto akitoka Manika, na wino wangu mzuri, ule unaopendwa na watoto, ulikuwa umehamia kwenye kitenge. Hapo ndipo nilipomwona tena akilini yule mwenye duka akinawa mikono, na nikamwelewa: ni wino wa kuoshika kwa maji.

“Hii ni barua ao ni ramani ya Congo?” Tata Kapend aliuliza.

“Nakala iko,” nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa kiburi cha miaka yangu yote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari ninalo. Nikaenda kwenye kabati, nikatoa faili, nikahesabu namba mpaka nikaifikia, nikaiweka mezani. 

Ilikuwa nyeupe. Namba juu kwa penseli, sahihi ya Tata Ilunga na muhuri chini, katikati hakuna kitu. Nikafunua iliyotangulia. Nyeupe. Iliyofuata, nyeupe. Kalamu ya wino, ndugu zangu, haikandamizwi. Inapita juu ya karatasi kwa ulaini, ndio uzuri wake, na kaboni inataka kukandamizwa. Mkono wangu ulikuwa umeendelea kupanga kaboni kwa mazoea, na mimi nilikuwa naweka nakala kwenye faili bila kuzitazama, kwa sababu miaka yote hazikuwahi kunidanganya. Tangu siku ya kwanza ya zile kalamu, ofisi yetu ilikuwa imehifadhi kwa uangalifu mkubwa karatasi tupu.

Tata Ilunga aliichukua moja, akaigeuza, akaiona sahihi yake na muhuri juu ya uwanja mweupe.

“Tata Sekreteri,” alisema polepole, “mutu akibeba hii karatasi, anaweza kuuzisha Kolwezi muzima.”

Akaenda mwenyewe kufunga mlango wa kabati.

Nilimwambia kwamba nakumbuka, kwamba niliandika kwa mkono wangu, kwamba Tata Kapend aliuza. Tata Kapend akajibu kwamba sekreteri anayeharibu karatasi za serikali anaweza kukumbuka chochote akipewa gunia la makala. Mdogo wake Mama Mujinga alikuwa amekwenda Kisenge kufanya kazi kwenye mgodi wa manganizi na simu yake haikupatikana. Mpwa wa Tata Kapend aliitwa. Alikumbuka jambo moja tu, kwamba Tata Kapend ni mjomba wake. Tata Ilunga akafuta jasho. Akasema kwamba kwenye fishi ya zamani, kadi ya kumbukumbu za mtaa, kiwanja bado kina jina la Kapend, na karatasi ndiyo inayosema. Akatoa muda hadi kesho saa sita mchana. Pasipo karatasi, mwenye jina atachukua kiwanja, na mama aende mahakamani. Wote tulijua mahakama kwa muuza makala ni nini. Wakati huo shimo lingekuwa limeshafika upande wa pili wa dunia.

Mama Mujinga alikunja lile wingu lake la buluu, akalifunga tena kwenye kitenge kama bado ni karatasi. Alipopita mbele yangu hakunitukana. Alisema tu, “Nilikuambia uandike muzuri, tata.” Nimesikia matusi mengi kazini na nimeyasahau. Hilo sijalisahau. Nilipata haya mpaka chakula cha jioni kikanishinda, na mke wangu, ambaye hajawahi kuona sahani yangu ikirudi na kitu, alinipima joto.

Asubuhi nilisimama kunyoa ndevu. Kwenye ukuta nyuma yangu tumetundika kalenda ya parokia, na kwenye kioo niliiona imegeuka, herufi zinatembea kinyumenyume. Nikaitazama bure tu, kama mtu asiye na pa kutazama. Kisha nikamkumbuka mke wa yule chefu wa zamani, na kioo chake cha mkobani, na barua za mapenzi.

Nilitoka mbio. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, la pili lina povu, na kioo nilikuwa nacho mkononi. Kijana wa taksi-moto aliniuliza kama nimefukuzwa na mke wangu. Nikamwambia aendeshe.

Mkebe ulikuwa mahali pake. Nikakata nyuzi, nikatafuta namba iliyokuwa kwenye ile nakala nyeupe, na ilikuwapo, kwa penseli, pembeni, kwa mwandiko wangu. Nikaweka kioo. Nilikaa chini kwenye kile kiti, upande wa kulia, na nikaanguka, na sikujali.

Saa sita watu walijaa hadi nje. Tata Kapend alikuja na vijana wake watano. Mama Mujinga alikuja na beseni lenye yale mawe meusi kichwani, kwa kuwa Tata Ilunga alitaka kuyaona. Nililaza buvari mezani, nikasimamisha kioo kando yake, nikamwomba Tata Ilunga asome kwa sauti. Mistari ya juu haikuwapo, wino wake ulikuwa umekauka kabla sijaifikia. Lakini ya mwisho ilikuwapo, na Tata Ilunga aliisoma kama padri: kwamba muuzaji amepokea malipo yote, kwamba kiwanja ni cha Mama Mujinga na watoto wake, kwamba yeye Kapend hana dai tena. Chini yake sahihi nne, pamoja na ile iliyoandikwa kwa shida.

“Hii ni buloji, ni uchawi!” Tata Kapend aliruka. “Bantu banasoma mu kioo! Mi sijakanyaga hii bureau hata siku moja kabla ya jana!”

“Basi hii ni ya nani?” nilimuuliza, nikaweka kidole pembeni mwa buvari.

Pale palikuwa na kidole gumba cha buluu, kimechapika vizuri kuliko ambavyo ofisi yetu imewahi kuchapa kitu chochote. Katikati kilikatwa na mstari mweupe ulionyooka, kovu la panga. Mkono wa kulia wa Tata Kapend uliingia mfukoni wenyewe, mbele ya macho ya watu wote, na mkono huo ndio uliotoa ushahidi.

“Toa kidole, tata,” alisema mmoja wa vijana wake mwenyewe, mkubwa wao. “Jua inapita.”

Akatoa. Kovu lilikuwa pale pale, hatukuhitaji mtaalamu. Mama mmoja wa jirani alianza kupiga vigelegele kabla kidole hakijafika mezani. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Tata Kapend iliishia kwenye karatasi aliyoifanya taulo.

Yule kijana mkubwa alikuwa ameshachoshwa na mambo ya karatasi. Aliinama kwenye beseni la Mama Mujinga, akachukua jiwe, akalipima kiganjani, akalikwaruza kwa kucha, akaangua kicheko.

“Hii kobalti iko mwepesi kama mukate! Hii ni takataka ya treni, ile ya makaa, ya wakati ya bankambo, bazee betu. Balimwagaka apa.”

Mimi mtoto wa reli ningelitambua mara ya kwanza, lau mtu angenionyesha. Baba yangu alifukia mashimo ya uani kwa takataka hiyo hiyo, mabaki ya makaa yaliyoungua ndani ya injini. Vijana walichukua sepetu zao wakaondoka wakicheka. Tata Kapend alisikiliza hadi mwisho, akavuta shati lake, akasema kwamba basi hata yeye mwenyewe hakuwa anakitaka sana kile kiwanja.

Ilibaki kuandika karatasi upya. Niliketi, nikafungua kalamu. Mama Mujinga akaweka mkono wake mweusi juu ya karatasi.

“Na biki, tata.”

Hatukuwa na biki. Katika ofisi nzima ya serikali, kwa sababu ya akili zangu, hapakuwa na hata moja. Nilitoka na lile shavu langu la povu lililokauka nikavuka barabara hadi kioski, nikanunua biki moja kwa pesa yangu. Niliandika, nikakandamiza mpaka meza ikalia, nikainua kaboni, na wote watatu tukainama kutazama nakala ya chini. Ilikuwa imeandikika. Tata Kapend akatia sahihi, safari hii bila kulaani kalamu, Mama Mujinga akatia yake, akaisoma karatasi yake tena mpaka mwisho, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kitenge. Macho yake yalikuwa yamejaa, na yangu pia, nasema wazi. Akatushukuru, akaondoka. Na biki akaondoka nayo.

Zilizofuata zilikuwa wiki za aibu. Nilizunguka mtaa mzima nikibisha hodi, nikiwaomba watu waje na karatasi zao kabla ya mvua nyingine. Wote walikuja, lakini nilipobisha kila mmoja aliniuliza kama nimekuja kwa mguu au nimeletwa na maji. Kalamu za wino hatukuzitupa. Zinaandika bahasha na mialiko, na wino sasa ni mweusi, ule usiooshika, ambao niliujaribu kwanza kwenye ndoo. Kwa chochote chenye kaboni, biki. Na buvari, Nadège, hata kama leo unaona ni chafu, kipande kimoja kwa kila sahihi.

Siku ya kuagwa kwangu kulikuwa na soda, hotuba ya Tata Ilunga katika shati jipya, na maandazi. Nilikuwa naelekea mlangoni Mama Mujinga alipoingia, amevaa kitenge cha kanisani. Tulikuwa hatujaonana kwa muda. Nilimuuliza habari za nyumbani. Akasema nyumba imesimama, batoto bako muzuri, na choo kina mlango na ufunguo ni wake. Kisha akafungua fundo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye nailoni, akakiweka mkononi mwangu kwa mikono miwili.

Ilikuwa ile biki. Imekauka, imetafunwa mkiani na watoto.

“Wino iliisha, tata,” alisema. “Lakini biki ni yako.”

Nilifanya kazi katika ofisi ile tangu nikiwa na nywele nyeusi, na hiyo ndiyo biki pekee iliyowahi kurudi.